Nani kaweka mpaka kati ya mbu na mbu?

Fundi alipofungua mfuniko wa chemba nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Tandika, mbu walimwagika nje wengi kiasi kwamba kijana wake aliyeshika mpira wa kunyonyea aliutupa chini akakimbilia barazani. Mama mwenye nyumba anapiga kelele funikeni, funikeni, fundi naye anamjibu mama sasa nikifunika ntanyonyaje. Ukutani wakabaki wametua mamia, wa kahawia, miili imelala sambamba na ukuta, sio wale wa malaria wanaonyanyua makalio juu.

Mpwa wangu alikuwa likizo, anasoma PCB, na kipindi hicho kila kitu anakipeleka kwenye baiolojia.

"Mjomba, ndio hawa uliosema wana bakteria tumboni?"

Nikamwambia sio tumboni sana, wapo hasa kwenye mayai ya majike na kwenye korodani za madume, na wakikutana mbu wenye bakteria wasioelewana mayai yanatagwa vizuri tu ila hayaanguliwi.

"Sasa si ndo spishi mbili hizo? Wameshindwa kuzaliana."

Nikacheka. Akaongeza, bila hata kuniangalia, macho kwenye simu:

"Na nikiwapa tetra bakteria wakafa, wanarudi kuwa spishi moja?"

Hapo sikucheka.

Wiki kadhaa sasa swali hilo linanisumbua. Mimi sio mwanasayansi wa kulipwa, ni mtu wa stoo ambaye bando lake linaishia kwenye habari za wadudu, ila nimesoma vya kutosha kujua kwamba wanaolipwa nao hawajakubaliana.

## Kufuli la baba, ufunguo wa mama

Bakteria mwenyewe anaitwa Wolbachia. Walimwona kwanza Marshall Hertig na Burt Wolbach, Marekani, 1924, na walimkuta ndani ya mbu wa ukoo huu huu wa Culex, ndugu wa hawa wa kwenye chemba zetu. Hertig akampa jina kamili 1936 halafu watu wakaendelea na shughuli zao.

Miaka ya 1950 Mjerumani mmoja, Hans Laven, akawa anakusanya mbu hao kutoka sehemu mbalimbali anawapandisha wao kwa wao. Kuna jozi zilizaa vizuri. Kuna jozi mayai hayakuanguliwa pande zote mbili. Na kuna zile za ajabu zaidi, dume wa huku na jike wa kule hakuna kitu, geuza, dume wa kule na jike wa huku, watoto tele. Kilichomshtua ni kwamba hali hiyo ilifuata ukoo wa mama tu, kizazi baada ya kizazi, yaani haikuwa kwenye kromosomu, ilikuwa kwenye ute wa yai. Mwaka 1959 akaandika kwamba spishi mpya zinaweza kuanza namna hii.

Alikuwa hajui kisababishi ni kiumbe hai.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Yen na Barr, huko California, walipoonyesha kidole kwa bakteria, na dawa iliyotumika kuthibitisha ni tetrasaiklini. Ndiyo, tetra, ile ile ya rangi mbili ambayo nusu ya Dar imeshanunua duka la dawa bila cheti. Madume waliosafishwa bakteria wakawa wanazaa na jike yeyote.

Namna inavyofanya kazi, kwa kifupi kabisa: Wolbachia aliye ndani ya dume anaweka kufuli kwenye mbegu za kiume, na yai la jike lazima liwe na Wolbachia wa aina ile ile mwenye ufunguo. Ufunguo ukikosekana, kromosomu za baba zinachelewa kwenye mgawanyiko wa kwanza kabisa wa yai, zinavurugika, kiinitete kinakufa. Jike mwenye bakteria anazaa na wote, asiye na bakteria anapoteza mayai kila akikutana na dume mwenye nao, kwa hiyo baada ya muda majike wenye bakteria ndio wanaojaza mtaa. Dume hampitishi Wolbachia kwa watoto, anayempitisha ni mama, ndio maana Wolbachia hajali kabisa kuharibu uzazi wa dume.

Ni ukatili wenye hesabu.

Na sio mdudu mmoja mmoja huko porini. Makadirio yaliyofanywa 2012 yanasema karibu 40% ya spishi za wadudu na jamaa zao wa nchi kavu wana Wolbachia. Sasa kama kila aliye naye ana uwezekano wa kuwekewa kufuli, mipaka mingapi tuliyozoea kuiita ya spishi imewekwa na bakteria?

## Shinyanga, miaka ya 40

Kabla sijaenda mbali, kuna stori ya hapa hapa ambayo watu wengi hawaijui, na ndiyo iliyonifanya nisikimbilie kuwapa bakteria sifa zote.

Tanganyika ilikuwa na watafiti wa mbung'o Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege 1938. Kuna mbung'o ana jina lake, Glossina swynnertoni, anapatikana Tanzania na Kenya. Baadaye mtafiti mwingine, Vanderplank, akagundua kwamba huyu swynnertoni na mwenzake Glossina morsitans wanapandana bila kuchagua, ila wanachoambulia ni watoto wachache sana na machotara wa kiume ni tasa. Akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria natabasamu: kati ya 1944 na 1946 alimwaga pupa (mdudu akiwa bado kwenye ganda, kabla hajatoka mkubwa) wa morsitans kwenye eneo kame la swynnertoni, eneo ambalo morsitans wenyewe wasingedumu, akaacha kosa la kupandana lifanye kazi. Swynnertoni wakaporomoka. Matokeo kamili yalikaa muda mrefu bila kuchapishwa.

Sasa hapo mpaka ulikuwa wa nani?

Tunajua leo kwamba mbung'o amebeba bakteria wengi. Yupo Wigglesworthia, anayemtengenezea vitamini za kundi B kwa sababu damu peke yake haitoshi, na bila yeye mbung'o jike hazai. Yupo Sodalis. Na kwenye aina kadhaa yupo Wolbachia pia, na mwaka 2011 ilionyeshwa maabara kwamba kwenye morsitans anaweka kufuli lile lile. Ila utasa wa chotara wa kiume, yule aliyezaliwa, akakua, akaruka, halafu akashindwa kuzalisha, huo ni mnyama mwingine kabisa. Kufuli la Wolbachia linaua yai siku ya kwanza. Ya Vanderplank ni mchanganyiko wa sababu, na jeni za mbung'o zenyewe zina sehemu kubwa ndani yake.

Kwa hiyo nikajiambia, usiwe na haraka. Tafuta mahali ambapo jeni bado hazijaachana na kufuli tayari lipo. Pakipatikana, basi bakteria alitangulia.

## Nyigu wa milimita mbili

Pamepatikana. Kuna nyigu wadogo sana wanaoitwa Nasonia, urefu kama milimita mbili, jike anatoboa pupa wa nzi na kutaga ndani, mabuu wanamla nzi huko huko. Spishi zake mbili za Amerika Kaskazini, giraulti wa mashariki na longicornis wa magharibi, ni karibu mno kiukoo. Kila moja ina Wolbachia wake. Ukizipandisha, huzioni chotara zikifanikiwa, pande zote mbili zimefungwa. Mwaka 2001 Bordenstein, O'Hara na Werren wakazisafisha kwa antibayotiki wakazipandisha tena.

Machotara wakazaliwa, wazima, na wakazaa.

Nilisoma hiyo sehemu usiku umeme umekatika, simu ina asilimia 9, nikairudia. Maana hapo ndipo palipokuwa na jibu la mpwa wangu kwa maneno mepesi kabisa, ondoa bakteria, mpaka unafutika kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki ni vizuizi vidogo vidogo. Kwa nyigu hao angalau bakteria hawakuja kupigilia msumari kwenye kitu kilichokwisha, walitangulia.

Halafu timu hiyo hiyo ya Bordenstein ikarudi 2013 na jambo zito zaidi. Safari hii ni giraulti na vitripennis, waliotengana zamani zaidi, kama miaka milioni moja, na Wolbachia walishaondolewa kabisa kwenye jaribio. Machotara wa kizazi cha pili wa kiume karibu 90% wanakufa wakiwa mabuu, na miaka yote ilikuwa inasemwa ni jeni hazipatani. Brucker na Bordenstein wakawalea mabuu bila bakteria yeyote, kwenye chakula kilichosafishwa. Wengi wakapona. Wakawarudishia bakteria wa utumboni, vifo vikarudi.

Watu walishangilia sana. Wengine wakakunja uso, na mimi nipo na waliokunja uso. Hoja yao, walioiandika Chandler na Turelli mwaka uliofuata, ni ya mtu mwenye akili timamu: chotara ambaye jeni zake zimeshavurugika atakuwa na kinga mbovu, na mwenye kinga mbovu bakteria wa kawaida tu wanamuua. Ukimlea kwenye usafi wa maabara anapona, sawa, lakini huo sio ushahidi kwamba bakteria walimtenga na mwenzake. Chanzo kinabaki kwenye jeni.

Ile ya 2001 haina tatizo hilo. Ndio maana naiamini zaidi, ingawa ya 2013 ndiyo iliyosambaa.

(Na zile za nzi wa matunda waliolishwa wanga na wengine molasi, eti baada ya kizazi kimoja tu wakaanza kuchaguana wachumba kwa sababu ya bakteria wa utumboni, 2010, msizibebe sana. Wengine walirudia 2017 hawakuona kitu.)

## Tatizo ni mbu wenyewe

Sasa turudi kwa Culex, maana hapo nadharia inapata homa.

Laven aliona aina nyingi za mbu wasiozaana. Nyingi kweli. Kama kila kufuli lingezalisha spishi, basi leo Culex tungekuwa nao lukuki, kila mji na spishi yake. Hatuna. Yule wa Dar, Culex quinquefasciatus, anayeambukiza matende na mabusha, ndiye yule yule wa India na Brazil. Kuna ndugu yake wa nchi za baridi, pipiens, na hata huyo wanachanganyika wakikutana.

Kwa nini kufuli halitoshi?

Nimelizungusha hili sana kichwani, na sababu inayonikaa ni kwamba Wolbachia anafanya kazi haraka kupita kiasi. Wakikutana mbu wenye Wolbachia wa aina mbili tofauti mahali pamoja, aina iliyo nyingi inapata jozi zinazozaa zaidi, ile chache inapoteza mayai zaidi, na inazidi kupungua mpaka inaisha. Mpaka unakufa kwa mmoja kushinda. Hata palipo na aliye na bakteria na asiye naye ni hivyo hivyo: California, kwenye nzi Drosophila simulans, Turelli na Hoffmann walimfuatilia Wolbachia akisambaa kuelekea kaskazini kwa kasi ya kama kilomita 100 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo hakuna spishi itakayopata muda wa kutengenezwa.

Halafu uzazi unavuja. Jike mmoja mmoja anataga mayai yasiyo na bakteria, dume mzee kufuli lake linalegea, kwenye baadhi ya wadudu joto kali linapunguza bakteria, na jeni zinapita kwenye hizo nyufa. Nyufa chache tu zinatosha kuwafanya wabaki kundi moja.

Laven mwenyewe aliishia kutumia kufuli kuua. Mwaka 1967, kijiji cha Okpo, Burma, aliachia madume wasiopatana na mbu wa pale, na ndani ya miezi michache mayai ya kijiji kizima yakawa hayaanguliwi. Aliyeandika kuhusu kuzaliwa kwa spishi ndiye aliyeonyesha namna ya kufuta mbu kijijini. Huwa nafikiri hilo lilimweleza mengi kuhusu nadharia yake kuliko alivyokiri, ila hayo ni yangu.

## Wakati mlango umefungwa

Kwa hiyo bakteria hawezi?

Hapana. Kilichonigeuza ni nzi wawili wa Amerika Kaskazini wanaokula uyoga, Drosophila recens, mwenye Wolbachia, na Drosophila subquinaria, asiye naye. Wanakutana Kanada, kila mmoja ametokea upande wake. Dume wa recens akimpata jike wa subquinaria, watoto wengi hawaanguliwi. Upande wa pili, majike wa recens hawawataki kabisa madume wa subquinaria. Hayo unaweza kuyatarajia. Lakini Jaenike na wenzake, 2006, waliangalia majike wa subquinaria wa maeneo tofauti. Wale wa mbali, ambao hawajawahi kuishi na recens, hawabagui sana. Wale wanaoishi nao eneo moja wanawakataa madume wa recens kwa nguvu.

Hapa soma polepole.

Jike aliyempokea dume mwenye kufuli alipoteza mayai. Jike mwenye kuchagua hakupoteza. Vizazi vikaenda, waliobaki ni wachaguzi, na sasa kuchagua kumo kwenye jeni zao wenyewe. Ukimpa tetra dume wa recens leo jike huyo bado atamkataa. Bakteria ameleta hasara, mdudu mwenyewe akajenga ukuta kuikwepa.

Huo ndio msimamo nilioufikia na nitaubeba mpaka mtu anivunje: Wolbachia peke yake hatengenezi spishi, anafunga mlango kwa muda, na kinachoamua ni kama mlango huo utakaa umefungwa vya kutosha kabla mmoja hajashinda. Umbali ukisaidia, milima ikisaidia, msitu ukikatika katikati, wadudu wakaja kukutana wakiwa tayari na bakteria tofauti, hapo muda unapatikana. Bila hivyo ni fujo za miaka michache.

Kuna njia nyingine ambayo inaniridhisha zaidi kuliko hata kufuli, sema haiongelewi sana, nayo ni chakula. Japani kuna wadudu wa kunde, Megacopta. Mama akitaga anaacha chini ya mayai vidonge vidogo vya kahawia vilivyojaa bakteria, watoto wakitoka tu kitu cha kwanza ni kuvinyonya. Spishi moja ni mharibifu wa soya, ndugu yake sio. Hosokawa na wenzake, 2007, wakabadilishana vidonge. Aliyekuwa mharibifu mayai yake yakaanza kushindwa kuanguliwa kwenye kunde za shambani, yule mwingine akafanya vizuri. Yaani uwezo wa kuhamia mmea mpya ulikuwa kwenye kidonge cha mama. Wadudu wengi wanakula, wanakutana na kupandana kwenye mmea ule ule, kwa hiyo aliyehamia mmea mwingine ameshahama na wachumba. Hapo hakuna yai lililouawa, na hakuna aina itakayomaliza nyingine haraka haraka.

## Kufuli lenyewe ni la nani

Nilidhani nimemaliza. Halafu nikafika kwenye habari za 2017.

Kufuli la Wolbachia lina jeni mbili, cifA na cifB. Zilipohamishiwa kwenye madume wa nzi wa matunda wasio na bakteria hata mmoja, madume wakawa na kufuli. Wakipandana na majike safi mayai yanakufa, wakipandana na majike wenye Wolbachia mayai yanapona. Kwa hiyo bakteria mzima hahitajiki, jeni zake zinatosha. Na hizo jeni sio hata za Wolbachia kwa asili, zinakaa kwenye kipande cha kirusi, WO, kinachoishi ndani ya Wolbachia anayeishi ndani ya mdudu.

Sasa unganisha na hili. Mwaka 2007 Dunning Hotopp na wenzake walikuta kwamba nzi Drosophila ananassae, baadhi yao, wamebeba karibu jenomu nzima (yaani jeni zote) ya Wolbachia ndani ya kromosomu zao wenyewe. Hawakusema kufuli linafanya kazi humo, na mimi sisemi. Ila waliwapa nzi hao antibayotiki, bakteria wakaisha wote, wakapima tena: vipande vya Wolbachia bado vipo, na safari hii watoto wanavirithi hata kwa baba.